Maputo ya Intaneti Yaliruka Vizuri, Hesabu Ndiyo Iliyoyashinda

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kuhusu kazi yangu halihusu 5G wala setilaiti. Watu huuliza: yale maputo ya intaneti yaliyokuwa juu yetu yalienda wapi? Mara nyingi anayeuliza huwa ameshajijibu mwenyewe kwamba yalikuwa majaribio tu, yakafeli, yakaondoka. Mimi ni mhandisi wa mitandao ya simu. Kazi yangu ni kupanga minara isimame wapi na kukadiria mawimbi yake yatafika wapi. Jibu hilo la haraka silikubali, na nataka nieleze kwa kirefu kwa nini, maana vyombo vingine vya aina hiyo vinakuja, na baadhi vinarukia hapa hapa Kenya.

Kwa wasiokumbuka: mradi wa Loon ulianza mwaka 2011 ndani ya X, maabara ya Google. Juni 2013 maputo 30 yakarushwa New Zealand, na dunia ikasikia habari zake kwa mara ya kwanza. Julai 2018 Loon ikawa kampuni kamili chini ya Alphabet, kampuni mama ya Google, na mwezi huo huo ikatangaza ushirikiano na Telkom Kenya. Machi 2020, corona ilipoingia, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba maputo yameruhusiwa. Tarehe 7 Julai 2020 huduma ikazinduliwa rasmi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa intaneti ya maputo kuuzwa kama huduma ya kawaida nje ya dharura. Maputo 35 hivi yalihudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya nchi: Iten, Eldoret, Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho, Narok. Tarehe 21 Januari 2021 kampuni ikatangaza kwamba inafunga, na Machi Mosi huduma ya Kenya ikazimwa. Hata miezi minane haikutimia.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu atundike mnara wa simu kwenye puto, simama Iten uangalie bonde la Kerio. Uko juu ya ukingo wa Elgeyo, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na bonde limeshuka chini yako zaidi ya mita elfu moja. Ng'ambo ya pili kuna milima ya Tugen. Mtu asiyejua kazi hii angedhani hapo ndipo pa kuweka mnara mmoja mkubwa umalize shida ya bonde zima. Mnara wa ukingoni huona mbali kweli, lakini wanaoishi chini kabisa ya jabali hauwaoni. Mawimbi ya simu za 4G hayapindi kufuata ukuta wa mwamba, yanapita juu ya vichwa vyao. Utalazimika kuteremka na kujenga minara midogo kadhaa huko bondeni. Kila mnara unataka barabara ya kupandishia vifaa, umeme, au jenereta na lori la dizeli la kila mara, na mlinzi, kwa sababu betri na dizeli huibwa. Baada ya hayo yote unahitaji njia ya kutoa data hapo: maikrowevu kutoka mnara hadi mnara mpaka ufike kwenye faiba. Wateja wanaokungoja mwisho wa gharama hiyo ni kaya chache zilizotawanyika, zinazonunua bando la siku pale pesa zinapopatikana.

Sehemu ya tatizo ni jiometri tu. Kwenye tambarare, ukiwa juu ya mnara wa mita 30, upeo wa macho uko kama kilomita 20. Ukiwa kilomita 20 juu, upeo unasogea hadi kilomita 500. Kutoka huko ukingo wa Elgeyo ni mkwaruzo tu ardhini na hakuna aliyefichwa chini ya jabali. Loon walisema puto moja linahudumia kilomita za mraba 11,000, yaani duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 60 hivi. Shikilia namba hiyo, nitairudia.

Kwa nini kilomita 20 hasa? Ndege za abiria huruka kati ya kilomita 10 na 12. Mvua na ngurumo zetu hutokea chini ya hapo, ingawa mawingu makubwa ya tropiki yanaweza kupanda hadi kilomita 16 au 17. Ukivuka hapo unaingia stratosfia, ambako hewa imepangika kwa tabaka na haichanganyiki sana kwenda juu na chini. Hakuna mvua. Mchana kuna jua kali, na baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 90 chini ya sifuri. Hewa yenyewe ni haba mno. Hapa chini, mita moja ya ujazo ya heliamu inaweza kubeba takribani kilo moja. Kule juu, mita hiyo hiyo inabeba gramu 76 hivi, kwa sababu hewa inayosukumwa kando ina uzito wa kama sehemu moja kati ya 14 ya hewa ya pwani. Ndiyo maana puto la Loon lilikuwa na upana wa mita 15 na kimo cha mita 12 ili kubeba mzigo ambao watu wawili wangeweza kuuinua.

Ngozi ya puto ilikuwa plastiki ya polietilini, ndugu wa mifuko tuliyopiga marufuku Kenya mwaka 2017, unene wake chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Puto la kawaida la hali ya hewa hupanda, likavimba, likapasuka. La Loon lilifungwa kabisa na kutengenezwa lisivimbe kupita kiasi fulani. Likishajaa, gesi ya ndani inasukuma kuta kwa nguvu kuliko hewa ya nje, na ujazo haubadiliki tena. Jua likichomoza na gesi ikapata moto, shinikizo linapanda lakini puto halikui, kwa hiyo halipandi. Usiku gesi ikipoa halisinyai, kwa hiyo halishuki. Linaelea pale ambapo uzito wake unalingana na uzito wa hewa linayoisukuma, siku baada ya siku, bila kutupa mzigo wala kuongeza gesi.

Adui wa muundo huo ni tundu. Tundu dogo lisiloonekana kwa macho linatosha kumwaga heliamu polepole mpaka shinikizo liishe. Maputo ya mwanzo yalidumu siku chache tu, na timu ikaanza kuokota mabaki na kutafuta uvujaji ulianzia wapi. Mojawapo ya vyanzo walivyopata ni miguu ya mafundi. Plastiki ilikuwa ikitandazwa na watu wanatembea juu yake kwa soksi wakiunga vipande, na soksi nyembamba zilikuwa zikiacha madhara. Wakavaa soksi nene zaidi, laini zaidi, na uvujaji ukapungua. Mimi hukumbuka habari hiyo kila ninaposikia mtu akizungumzia teknolojia kubwa kana kwamba hutengenezwa kwa mawazo peke yake. Kutoka siku chache walifika miezi, kisha puto moja lililorushwa kutoka Puerto Rico Mei 2019 likakaa hewani siku 312 kabla ya kushuka Mexico Machi 2020.

Puto halina injini ya kulisogeza. Ndani ya puto kubwa kulikuwa na mfuko wa pili wa hewa ya kawaida. Pampu ikivuta hewa ndani, chombo kinakuwa kizito na kushuka, ikiitoa, kinapanda. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo rubani angeweza kufanya, kupanda na kushuka kilomita chache. Kwenda kaskazini, kusini, mashariki au magharibi ni kazi ya upepo. Kila tabaka la stratosfia lina upepo wake, mwelekeo wake na kasi yake, na ukijua tabaka gani linaelekea wapi unaweza kuchagua. Mabaharia wa jahazi waliongoja kaskazi na kusi wanaelewa jambo hili bila kufundishwa, ila hapa msimu haungojwi: unaupanda au unaushuka.

Na hapa kuna kipande cha historia ambacho Afrika Mashariki haikisimulii vya kutosha. Mwaka 1883 volkano ya Krakatau ilipolipuka huko Indonesia, vumbi lake lilizunguka dunia karibu na ikweta kwa wiki mbili hivi, likielekea magharibi. Wataalamu wakaamini kwamba angani juu ya ikweta upepo huvuma siku zote kutoka mashariki. Mwaka 1908 mtaalamu wa hali ya hewa Arthur Berson akaleta msafara Afrika Mashariki na kurusha maputo yenye vipimo katika eneo la Ziwa Victoria. Maputo yake yakakuta upepo wa juu unavuma kutoka magharibi, kinyume kabisa na ilivyoaminiwa. Kwa zaidi ya nusu karne vitabu vilibeba pepo mbili zinazopingana, za Krakatau na za Berson, na hapakuwa na maelezo ya kuridhisha ya jinsi zinavyokaa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Richard Reed wa Marekani na Robert Ebdon wa Uingereza, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwamba pepo za Krakatau na za Berson zote zilikuwa sahihi: upepo wa stratosfia juu ya ikweta hugeuka. Unavuma kutoka mashariki kwa mwaka na zaidi, kisha kutoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Mageuzi huanzia juu sana, zaidi ya kilomita 30, halafu hushuka taratibu, kama kilomita moja kwa mwezi.

Kwa anayeendesha maputo juu ya Baringo, hili ni jambo la mkate wa kila siku. Kama mpaka wa mageuzi umefika kwenye kilomita 18 au 19, puto lina bahati: tabaka la juu linakwenda upande mmoja, la chini linarudi, na pampu inaweza kulirudisha juu ya mji ule ule tena na tena. Mpaka ukishapita na tabaka zote zikavuma upande mmoja, hakuna ujanja wa kutosha. Puto litasukumwa hadi Kongo au Bahari ya Hindi, na itabidi lingine lije kushika nafasi yake huku la kwanza likitafuta njia ndefu ya kurudi. Ujuzi wa Loon wa kusoma pepo hizi ulikuwa wa hali ya juu. Mwishoni walikabidhi usukani kwa programu ya akili unde iliyojifunza yenyewe wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Waliijaribu kwa siku 39 juu ya Bahari ya Pasifiki, karibu na ikweta, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature Desemba 2020. Programu ilikaa karibu na kituo ilichopangiwa kuliko ile waliyoiandika wahandisi kwa mikono. Naiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa mafanikio safi kabisa ya uhandisi katika fani yetu, na imenisikitisha kwamba imezikwa chini ya neno "ilifeli".

Upande wa simu ulikuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya puto palining'inia paneli za sola, betri, na kifaa cha 4G cha aina ile ile tunayofunga kwenye minara. Data ilipanda kutoka kituo cha ardhini kilichounganishwa na faiba, ikafika kwenye puto la karibu, ikarukia puto jingine kwa mawimbi ya milimita, na jingine, kisha ikateremka hadi simu ya mtu. Simu haikuhitaji antena maalumu wala programu mpya. Mwenye laini ya Telkom na simu ya 4G aliunganishwa na puto bila kuambiwa. Hadi siku ya uzinduzi zaidi ya watu 35,000 walikuwa wameshapitia maputo hayo, na naamini wengi wao hawakujua. Vipimo vya mwishoni mwa Juni 2020 vilitoa megabiti 18.9 kwa sekunde kupakua, 4.74 kupakia, na ucheleweshaji wa milisekunde 19. Namba ya mwisho ndiyo inayonivutia zaidi. Setilaiti ya zamani, ile inayosimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, hukuchelewesha nusu sekunde kila unapouliza na kujibiwa. Hata setilaiti za chini, za kilomita 550, zikisema na simu ya mkononi, mawimbi yao yanafika yakiwa dhaifu zaidi ya mara 700 kuliko yale ya puto la kilomita 20 lenye nguvu na antena zile zile, kwa sababu nguvu hupungua kwa mraba wa umbali. Kimo cha kilomita 20 ni mahali pazuri mno pa kuweka mnara. Tatizo ni kubaki hapo.

Sasa turudi kwenye zile kilomita za mraba 11,000. Eneo la Kenya lilikuwa karibu 50,000. Gawanya: maputo matano yangetosha, kama yangesimama. Loon walihitaji 35 hivi. Mengine yalikuwa yanapokezana nafasi, mengine yanabeba data ya wenzake kuelekea kituo cha ardhini, mengine yamesukumwa nje na yanatafuta upepo wa kurudi. Kwa kila puto lililokuwa mahali pake panapotakiwa, kulikuwa na mengine kama sita yanayolipiwa. Na hayo hayakuwa yakirushwa Nakuru. Yalirushwa Nevada na Puerto Rico kwa mtambo wa kimo cha jengo unaoweza kutoa puto moja kila nusu saa, kisha yakasafiri kwa upepo kuvuka bahari hadi kwetu. Kila moja liligharimu makumi ya maelfu ya dola, na baada ya miezi michache likamaliza kazi, likashushwa kwa parashuti kwa makubaliano na waongoza ndege, na timu ya ardhini ikalifuata.

Hapo ndipo ninaposema hesabu iliyashinda. Mnara ni ghali kuujenga, lakini ukishasimama unakaa miaka 20 na zaidi, na kila mwaka unaopita gharama ya kuujenga inazidi kugawanyika. Ukijenga mnara unalipia mahali. Ukirusha puto unalipia muda, na muda huo unanunuliwa upya kila baada ya miezi michache, milele. Tena sehemu kubwa ya muda huo puto liko juu ya msitu au bahari ambako hakuna anayenunua bando. Gharama ya namna hiyo inaweza kubebwa na mteja tajiri, au na serikali wakati wa maafa. Kuibebesha familia ya mfugaji wa Baringo, kupitia kampuni ya simu ya tatu kwa ukubwa nchini, hakukuwezekana. Viongozi wa Loon wenyewe walisema walipofunga kwamba njia ya kufikia faida imekuwa ndefu na yenye hatari kuliko walivyotarajia.

Kulikuwa na mambo mengine mawili yaliyozidisha ugumu, na yote yalikuwa huku chini. La kwanza ni simu. Puto lilitoa 4G peke yake. Maeneo yasiyo na mtandao ni yale yale ambako watu wengi wanatumia kabambe, simu ya batani inayokaa na chaji wiki nzima, inapiga, inapokea, inatuma M-Pesa, na basi. Nimepima mitandao katika sehemu ambako mawimbi ya 4G yalikuwa mazuri na simu za kuyapokea zilikuwa za walimu na wenye maduka tu. Unaweza kujaza anga data, na mwenye kabambe asiione hata kidogo. Na huyo mwenye simu ya 4G, kama laini yake ni ya kampuni nyingine, na wengi ndivyo ilivyo, puto halikumhusu.

La pili ni mahali. Soma tena orodha ya miji niliyoitaja juu. Eldoret, Nakuru na Kisumu zilikuwa na 4G kabla ya puto kufika. Mapengo ya kweli katikati yao yapo, na bonde la Kerio ni mojawapo, lakini kaunti zenye kiu kubwa zaidi, Turkana, Marsabit, Mandera, Wajir, hazikuwemo. Nasema hivi kwa kuheshimu waliofanya kazi ile, maana sababu zake naziona kama mhandisi: mtandao wa maputo unataka vituo vya ardhini vyenye faiba imara na wateja wa kutosha kuanzia. Hata hivyo, mradi ulioelezwa kuwa wa kufikia maeneo ya mbali ulianza katikati ya nchi, ukamaliza pesa kabla ya kufika mbali. Betri nazo zilikuwa na mipaka: huduma ilipangwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Mgonjwa wa saa nane usiku angebaki pale pale alipokuwa.

Kuna mahali ambapo maputo yaling'aa, na hapo ndipo ningependa tuangalie zaidi. Mwaka 2017 mafuriko yalipoikumba Peru, Loon tayari walikuwa wakifanya majaribio huko na kampuni ya simu ya Telefónica, na makumi ya maelfu ya watu wakapata mtandao wa msingi. Septemba 20 mwaka huo kimbunga Maria kilivunja minara ya Puerto Rico, na kwa ushirikiano na kampuni za simu za AT&T na T-Mobile maputo yakawafikia zaidi ya watu 200,000. Mei 2019 tetemeko la ukubwa wa 8.0 likatikisa Loreto, katika Amazon ya Peru. Maputo yalikuwa yanatoa huduma ndani ya saa 48. Linganisha muda. Puerto Rico ilichukua mwezi mzima tangu kimbunga kipite, kwa sababu leseni, mikataba na kampuni za simu na mipangilio ya mtandao ilibidi ianze kutafutwa wakati watu wamekaa gizani. Peru ya 2019 ilichukua siku mbili kwa sababu makaratasi, vituo vya ardhini na ushirikiano na kampuni ya simu vilikuwa tayari. Upepo ulikuwa ule ule wa stratosfia. Tofauti ilikuwa maandalizi.

Baada ya Loon kufungwa, vipande vyake havikupotea. Hataza zake takribani 200, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, zilikwenda kampuni ya SoftBank ya Japani. Majaribio yake ya kuunganisha puto na puto kwa miale ya mwanga yalikuwa mbegu ya mradi wa Taara, unaorusha data kwa mwanga usioonekana kutoka nguzo hadi nguzo. Mwaka 2021 Taara waliunganisha Brazzaville na Kinshasa, miji inayotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto Kongo. Kati ya vituo kuna kilomita 4.8 tu, lakini faiba ya kuzunguka nchi kavu ilikuwa ya kilomita kama 400. Kwa siku 20 walipitisha karibu terabaiti 700. Kwa mabonde yetu hicho ndicho kipande kinachonivutia kuliko puto lenyewe: kifaa kwenye ukingo wa Elgeyo, kingine Tugen, na mnara mdogo wa bondeni unapata data bila mtaro kuchimbwa kwenye mwamba. Ukungu mzito huukata mwanga, kwa hiyo ni lazima uwe na maikrowevu ya akiba.

Starlink, intaneti ya setilaiti za chini, ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na imebadilisha maisha ya shule, hoteli na zahanati zinazoweza kununua sahani na kuwa na umeme. Kwa mtu mmoja mmoja kijijini bado ni kifaa cha bei. Zaidi ya hiyo kuna ndege zisizo na rubani zinazotumia jua, nazo huruka stratosfia. Zephyr ya kampuni ya AALTO ina mabawa ya mita 25 na uzito wa kilo 75 hivi. Februari 2025 iliruka kutoka Kenya na kukaa hewani siku 67, rekodi ya aina yake. Ikweta inawafaa kwa sababu urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na pepo za stratosfia kwetu ni tulivu kuliko za nchi za baridi. Faida ya ndege dhidi ya puto utaiona ukirudi kwenye ile hesabu ya matano na 35: ndege inajizungusha mahali pake, haisombwi. Hasara yake ni mzigo mdogo, maana chombo cha kilo 75 hakiwezi kubeba vifaa vingi vya simu wala betri za kutosha kuviendesha usiku kucha kwa nguvu kamili. Wanaouza huduma hii watakuja na ramani nzuri za rangi. Waulizeni kwanza vyombo vingapi vitakuwa hewani kwa kila kimoja kinachohudumia, kisha nani atalipia mwaka wa tatu.

Kwa maeneo ya mbali ya kila siku, msimamo wangu ni kwamba fedha za umma ziende kwenye minara midogo ya sola, faiba, na simu za 4G za bei ya chini, hata kama hakuna waziri atakayepiga picha nzuri mbele ya mnara wa mita 20. Vyombo vya stratosfia tuviandalie maafa. Msumbiji walikuwa wamefika hapo karibu: Mei 2020 Vodacom ya huko ilitangaza makubaliano na Loon kwa ajili ya Cabo Delgado na Niassa, mwaka mmoja baada ya kimbunga Kenneth kupiga Cabo Delgado. Loon ikafungwa kabla ya huduma kuota mizizi. Sisi tuliona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakikata barabara na nguzo za umeme, na mnara usio na umeme huishi kwa betri saa chache, kisha unanyamaza.

Mambo ya kufanya sasa yanajulikana, na hayahitaji puto hata moja kununuliwa. Mamlaka ya Mawasiliano iandae leseni ya dharura ya masafa ya redio inayoanza kufanya kazi siku maafa yanapotangazwa. Mamlaka ya usafiri wa anga iwe na njia za kuruka zilizokubaliwa mapema na Uganda, Tanzania na Ethiopia, kwa sababu chombo cha kilomita 20 hakijui mpaka. Kampuni za simu zikubaliane kwamba wakati wa dharura laini yoyote itapokelewa na chombo chochote. Faiba ya taifa imeshafika makao makuu ya kaunti. Vituo vya ardhini vijengwe juu yake Lodwar, Marsabit na Garissa, vipimwe kila mwaka, na funguo zake wawe nazo watu wanaoishi huko huko.